Mkufunzi Asiyekunywa Maji Yetu

Watu wakimzungumzia Mkufunzi siku hizi husema alikuwa mama mpole, mcha Mungu, mwenye subira. Hayo ni maneno ya watu ambao hawakukaa darasani kwake. Mimi nilikaa miaka mitatu, kwenye benchi la nyuma kabisa, na nasema alikuwa mtu wa visasi. Ndiyo maana nilimpenda. Nilikwenda kwake nina kisasi changu na sijui nikifanyie nini, yeye akanifundisha kukitunza mpaka siku yake.

Alizaliwa wapi na ni wa ukoo gani, kawaulizeni kwao huko chini Masasi. Mimi nilimkuta keshakuwa mtu mzima, mwalimu mstaafu, kitenge kimoja kiunoni na kingine begani, amepanda huku juu Newala na mradi wa kufundisha wazazi. Tufundishwe kusimama kwenye mikutano, kugombea kamati ya shule, kuwasemea watoto wetu mbele ya serikali. Mradi wenyewe ulikuwa na jina refu lililoandikwa kwenye fulana. Ukaisha, gari likarudi lilikotoka, fulana zikachakaa tukazifanya matambara ya kupigia deki. Yeye hakuacha. Kila Jumamosi ya pili alishuka kwenye basi la Masasi na mfuko wake wa rambo, akapita kijiweni, na wanaume waliokaa pale wakimcheka, "Bibi Semina huyo."

"Ndiyo mimi," alikuwa anawajibu. "Na wewe, mtoto wako yuko darasa la ngapi?"

Wengi walikuwa hawajui. Mmoja alisema la tatu, kumbe mtoto keshamaliza la saba. Mkufunzi alimtangaza siku hiyo hiyo darasani, kwa jina, na mkewe alikuwapo.

Sasa niseme kisasi changu, ili mnielewe. Sitaji kijiji wala shule, wanaojua wanajua. Sisi tunakaa juu na maji yako chini. Mgeni huwa haelewi mpaka ateremke mwenyewe ule mlima na ndoo tupu, halafu apande nayo imejaa. Pale shuleni tulikuwa na mwalimu mkuu, mwanaume nadhifu, sauti laini, hajawahi kumfokea mtu. Wanafunzi aliwaita "wanangu." Alikuwa anajenga nyumba yake, na matofali yanataka maji, basi kila asubuhi darasa la tano na la sita waliteremka bondeni na ndoo kabla ya kengele. Hakuna mzazi aliyeona ajabu. Sisi wenyewe tulipokuwa watoto tuliwachotea maji walimu wetu, na wazazi wetu kabla yetu. Siku ile asubuhi ndoo nilimpa mimi, kwa mkono wangu. Nikamwambia, "Wahi, usije ukachelewa ukachapwa."

Mvua ilikuwa imenyesha. Somoe, mwanangu wa kwanza, miaka kumi na moja, aliteleza akiwa anapanda na ndoo kichwani. Akavunjika paja. Wenzake walimbeba mpaka juu. Alilala hospitali wiki nyingi, na mfupa ulipounga, ulikuwa mfupi. Mpaka leo anachechemea.

Nilipokwenda shule kuuliza, mwalimu mkuu alinipa kiti. "Pole sana, Mama Somoe," akasema, akanifungulia kitabu cha matukio. Ninasoma polepole, nikasoma mara mbili. Kiliandikwa kwamba mwanafunzi aliumia akicheza mteremkoni. Akicheza.

"Hakuwa anacheza," nikamwambia.

"Watoto, mama. Hata wakitumwa wanacheza."

Kesho yake wazee waliotumwa na mwalimu mkuu wakaja nyumbani na kuku. Mimi nilikuwa hospitali kwa mtoto. Baba Somoe akampokea, wakasomeana fatiha, yakaisha. Jioni nikamuuliza, "Umepokea kuku kwa mguu wa mtoto?"

"Wazee wamekuja mpaka mlangoni, ningewafukuza?"

Kuku yule sikumchinja. Nilimwita Mwalimu Mkuu, na kila alfajiri nilimfukuza jikoni kwa jina hilo, majirani wakisikia. Akataga, akatotoa. Vitukuu vyake bado wapo uani kwangu, na wote nawaita hivyo hivyo. Mume wangu aliniomba niache, ni aibu. Nikamwambia siku mwalimu wako atakaposema mwanangu alikuwa anafanya nini bondeni, nitawabadilisha majina.

Huyo ndiye mtu aliyeingia kwenye darasa la Mkufunzi.

Tulisomea kwenye chumba cha chekechea, tumekaa kwenye vibenchi vya watoto, magoti kidevuni. Mbele aliweka kiti kitupu. Juu ya kiti alivalisha koti la kiume, kuukuu, la kijivu, akalinyoosha mabega.

"Hili lilikuwa la marehemu mume wangu," akasema. "Hata yeye alikuwa hasikilizi. Leo ni mwalimu mkuu. Semeni naye."

Tukacheka. Akamwita Baba Hamisi, mzee wa watu, mwenye mikorosho mingi kuliko sisi wote. Baba Hamisi akasimama mbele ya koti, akavua kofia, akainama. "Shikamoo, mwalimu."

Rula ikalia mezani. "Yeye na wewe nani mkubwa?"

"Mimi."

"Sasa shikamoo ya nini?"

"Mwalimu ni mwalimu, mama," akasema Baba Hamisi, na hakuwa anatania.

Ilimchukua Baba Hamisi mwezi mzima kuacha kuliamkia koti. Sheria ya Mkufunzi ilikuwa fupi: taja jina la mtoto, sema jambo lenyewe, sema unachotaka, kaa chini. Ukianza na "samahani kwa kuwapotezea muda," rula. Ukianza na "mimi sikusoma lakini," rula tena, na safari hii kwenye vidole. Ndiyo, alitupiga. Mtu aliyekuja kutufundisha kuwatetea watoto wasipigwe alikuwa anatupiga watu wazima na rula, na tulipomwambia, akajibu kwamba sisi tunaweza kuondoka na mtoto hawezi. Nilimwona mwongo kidogo hapo. Lakini sikuondoka.

Wale wagumu zaidi hakuwaachia koti tupu. Alilivaa mwenyewe, akakaa, akawa mwalimu mkuu. Ilipofika zamu yangu, aliweka mguu juu ya mguu, akainamisha kichwa upande, na ile sauti laini ikatoka kinywani mwake. "Mama Somoe, wewe ni mtu muelewa. Haya mambo ni ya Mungu."

Mara ya kwanza nililia. Mara ya pili nilimtukana. Nilipomaliza akavua koti.

"Machozi yako yanampendeza," akasema. "Akikuona unalia, atakupa pole, na pole hana shida nayo. Matusi yako yanampendeza zaidi, maana atakuitia mgambo. Hasira yako ikoje kwa Chimakonde?"

Nikashangaa. Yeye alikuwa Myao, Chimakonde chetu alikishika nusu nusu.

"Iseme hapa kwa Chimakonde, yote, mpaka iishe. Ukiwa tayari tutaihamishia kwenye Kiswahili."

Nikasema. Sijui nilisema nini, ila wenzangu waliinamisha vichwa, na Mama Fatu akafunika uso na kanga. Mkufunzi alikuwa ananitazama usoni tu. Nilipomaliza akaniambia, "Sasa punguza ibaki sentensi tatu." Wiki zile nilizunguka na sentensi tatu, shambani, kisimani, kwenye mtwangio. Mwanangu ni Somoe, darasa la tano. Alivunjika paja akichota maji ya mwalimu mkuu, na kitabu cha shule kinasema alikuwa anacheza. Nataka mwalimu mkuu asimame hapa aseme Somoe alikuwa anafanya nini, na iandikwe.

"Kuhamishwa je?" nikamuuliza siku moja. "Si bora wamwondoe kabisa?"

Aligeuka haraka. "Kuhamishwa ni likizo. Usije ukaomba hilo. Anayehamishwa anaanza upya, hata jina la mwanao haendi nalo."

Kitu kimoja kwake kilituudhi sote, na kwa muda mrefu. Hakunywa maji yetu. Huku kwetu mgeni akifika, kabla ya kumuuliza habari za safari, unampa maji, na akijua yalikotoka anajua ulivyomheshimu. Mkufunzi alikataa. Alikuja na chupa yake kutoka Masasi, na ikimwishia anakaa na kiu. Chakula alikula, mbaazi zetu alizimaliza na sahani akairamba, lakini ukimletea kikombe cha maji alisema, "Nashukuru, kunyweni ninyi." Mama Fatu alisema anatuona wachafu. Mimi nikasema ni maringo ya watu wa misheni, waliozaliwa karibu na bomba. Tulimsema sana juu ya hilo, na nadhani alijua.

Nilikuja kujua sokoni Newala. Nilikuwa nimemsindikiza kwenye basi. Mwanaume mmoja wa makamo, muuza viatu vya mitumba, alitoka nyuma ya meza yake akakimbilia kumpokea mfuko. "Shikamoo mwalimu. Hunikumbuki. Nilikuwa nakuchotea maji, darasa la nne mpaka la sita. Ndoo mbili, asubuhi na jioni." Alikuwa anacheka kwa furaha. Hakuwa na kinyongo hata kidogo, alijisifu.

"Marahaba," akasema Mkufunzi.

Basi likaja. Akiwa ameshika mlango, akaniambia bila kunitazama, "Nilifundisha huku miaka minane. Nilioga maji yao, nikafulia, nikamwagilia maua. Mmoja hakurudi shule. Sikuuliza kwa nini."

Basi likaondoka. Mimi nilibaki pale nimemchukia. Wiki mbili sikwenda darasani. Nilijiambia, kumbe na yeye ni mwalimu mkuu tu, mwenye kitenge. Lakini kila nilipotaka kuendelea kumchukia nilikumbuka nani aliyempa Somoe ndoo asubuhi ile, na nikaona kwamba nikianza kuhesabu wa kuchukiwa, wa kwanza anakaa nyumbani kwangu na anavaa nguo zangu. Nikarudi. Aliniona, akanionyesha benchi langu kwa kidevu, akaendelea na somo.

Tokea hapo nikaelewa kisasi chake kilikuwa kwa nani. Alijinyima maji yetu kama mtu anavyomnyima chakula mbwa aliyeiba.

Na hakusamehe, wala yeye mwenyewe hakujisamehe. Mimi ni Mwislamu, sala zao nazijua kwa kuzisikia misibani. Tulikwenda wote kumzika mama wa mmoja wetu kule Lisekese, na Wakristo waliposali ile sala yao ya wote, nilikuwa nimesimama bega kwa bega naye. Alisali kwa sauti nene ya kwaya. Walipofika pale pa kusamehewa makosa na kuwasamehe waliowakosea, midomo yake ikafunga. Wenzake wakapita pale, yeye kimya, halafu akawadaka mbele. Nikadhani amekohoa. Msiba mwingine, hivyo hivyo. Nikamuuliza njiani.

"Siwezi kumwahidi Mungu kitu ambacho sikifanyi," akasema. "Atakuwa ananielewa. Yeye mwenyewe ana orodha."

Nilicheka mpaka nikashika ubavu. Yeye hakucheka.

Sasa mkutano. Mwenyekiti wetu wa kijiji alikuwa na ujanja mmoja, na kwa ujanja huo alitawala miaka kumi. Ajenda ya mwisho ya mkutano mkuu ni mengineyo, hapo ndipo mwananchi wa kawaida anaweza kusema lake. Basi yeye alirefusha ajenda za juu mpaka jua limekaa vibaya, halafu akatazama saa na kusema, "Mengineyo tutayaleta mkutano ujao, shehe tufungie." Shehe akifungua mikono kwa dua, na mwinjilisti akifuatia na sala, imekwisha. Huku kwetu hakuna mtu atakayesema jambo la kidunia baada ya dua. Hata mimi na hasira zangu nisingethubutu.

Mkufunzi alikwenda kwa shehe. Alikwenda kwa mwinjilisti. Sijui aliwaambia nini, ila shehe wetu ana wajukuu watatu pale shuleni, na mwinjilisti alikuwa mwanafunzi wake. Siku ya mkutano, mwenyekiti akatazama saa, akasema, "Shehe, tufungie."

Shehe akajigusa shingo. "Koo limekauka, mwenyekiti."

Watu wakageuka. Mwenyekiti akacheka kidogo. "Basi mwinjilisti."

"Na mimi pia," akasema mwinjilisti. "Mpaka mengineyo yasomwe, nadhani litalainika."

Mkutano haujafungwa na hauwezi kufungwa. Mtendaji wa kijiji alikuwa na kalamu juu ya karatasi, hajui aandike nini. Mwalimu mkuu alikaa meza kuu, suruali imepigwa pasi, amenitazama kwa huruma. Mkufunzi alikuwa nyuma kabisa, maana si mkazi, haruhusiwi kusema. Nikasimama.

Jina nilisema. Jambo nililisema, lote, bila kutetemeka, na watu wakaanza kunung'unika, mmoja akasema na wangu aliwahi kuanguka, mwingine na wangu. Kelele ikapanda. Moyo wangu ukapanda nayo. Mwenyekiti akapiga meza. "Sasa Mama Somoe, unataka nini?"

Na mimi, mjinga wa mwisho, niliyelala na sentensi tatu mwaka mzima, nikanyoosha kidole nikapiga kelele, "Aondoke!"

Uwanja ukalipuka. Aondoke, aondoke. Vijana wakachukua madumu wakayapiga ngoma. Baba Hamisi, yule wa shikamoo, alirusha kofia. Nilibebwa. Niligeuka kumtafuta Mkufunzi, nikamwona amekaa chini kwenye majani, mikono kwenye mapaja, ananitazama kama mtu aliyeangusha chungu.

Mwalimu mkuu alihamishwa kabla ya mwezi kwisha. Tulifanya sherehe. Mimi nikachaguliwa kamati ya shule, baadaye mwenyekiti wake, na toka siku hiyo hakuna mtoto aliyeteremka bondeni kwa ajili ya mwalimu yeyote, hilo nalisema kifua mbele. Mkufunzi alikuja Jumamosi iliyofuata, akavunja darasa. Alikunja lile koti akalitia kwenye mfuko.

"Mmehitimu," akasema. Akanivuta pembeni. "Amekwenda wapi?"

"Sijui. Kokote."

"Kokote kuna watoto."

Ndipo nikakumbuka kitabu. Nilikimbia shuleni. Kitabu cha matukio kilikuwapo, na neno lilikuwapo. Mwanangu alikuwa bado anacheza mteremkoni. Mtu wa kufuta neno lile nilikuwa nimemfukuza kwa ngoma. Jioni Somoe akaniuliza, "Mama, kwani alisema?" Nikamwambia ameondoka, mwanangu, tumemtoa. Akaniuliza tena, "Lakini alisema?" Alikuwa na miaka kumi na minne na watoto shuleni walikuwa wanamtania kwamba aliruka kamba mlimani.

Miaka ikapita. Nikasikia Mkufunzi amepata kiharusi, anakaa na mwanawe upande wa Chiwata. Nilimpigia simu, maneno yake yalikuwa mazito, nusu siyasikii, nikawa nampigia mara chache. Ukweli ni kwamba nilikuwa naona aibu.

Mwaka jana, korosho zimeshauzwa, simu ikalia. Alikuwa mjukuu wake, Tamari, darasa la nne, mtoto ana sauti ya mtu mzima. "Shikamoo. Bibi anasema uje Alhamisi, kuna mkutano wa wazazi. Anasema, mwalimu wenu yuko huku."

Nilipanda basi mpaka Masasi, nikachukua bodaboda kwenda kijiji chao. Nacho sikitaji. Nilimkuta amekaa mlangoni, mdomo umevutwa upande mmoja, mkono wa kushoto umelala. Aliinuka kwa fimbo. Akaingia ndani akakaa sana, akatoka na kikombe cha maji, nusu, mengine yamemwagika njiani.

"Nimechota mimi," akasema. "Kunywa."

Nikanywa. Halafu akamwita Tamari, akamgeuza, akanionyesha mabega ya mtoto. Hayakuwa na kidonda, yalikuwa yamechubuka tu, pale ambapo mti wa kubebea madumu unakaa. Mwalimu mkuu alikuwa anajenga nyumba nyingine.

"Hajaanguka," akasema Mkufunzi. "Bado."

Nilisema nisamehe. Alinipiga na fimbo kwenye goti, si kwa utani.

"Huku hatusamehe. Unazo sentensi zako?"

Nilikuwa nazo. Tulikwenda shuleni polepole, mimi nikimshika mkono mmoja na Tamari mwingine. Mwalimu mkuu alikuwa mbele, mvi kidogo, sauti ile ile. Wazazi aliwaita "wazazi wenzangu," watoto akawaita "wanangu." Mkufunzi alipewa kiti cha mbele kwa utu uzima wake. Alinyoosha mkono kuomba kusema, akasimama, akafungua kinywa, na maneno yakagoma. Mkono wa fimbo ukaanza kutetemeka. Mwanamke aliyetupiga rula ili tusitetemeke alikuwa anatetemeka mbele ya wazazi mia, na mwalimu mkuu akamwendea, akamshika bega, akasema, "Pole sana, bibi. Kaa upumzike."

Sikusubiri kupewa ruhusa. Nikasimama.

"Mama, wewe ni mama wa nani hapa?" akaniuliza, kwa upole. Hakunikumbuka. Nilikuwa nimemlisha kuku wake miaka saba, na yeye hakunikumbuka. "Mkutano huu ni wa wazazi wa shule hii."

"Mwanangu huyo," akasema Mkufunzi kutoka kitini. Hilo lilitoka wazi, kila mtu alilisikia. "Mama mdogo wa Tamari."

Basi, mtu atabisha nini? Mwenyekiti wa kamati akanipa nafasi.

"Mwanangu ni Somoe," nikasema. "Alikuwa darasa la tano, huko juu Newala, mwalimu huyu alipokuwa mkuu wetu. Alivunjika paja, na mwalimu aliandika kwenye kitabu kwamba alikuwa anacheza. Mabega ya Tamari mnayaona, na ya watoto wenu mnayajua. Sitaki ahamishwe." Hapo watu wakatazamana, maana tayari mmoja alikuwa ameanza kusema aondoke. "Naomba asihamishwe. Mimi niliomba aondoke zamani, ndiyo maana yuko kwenu. Abaki hapa hapa, maji yake achote mwenyewe, watoto wakimwona. Na leo, mbele yenu, aseme Somoe alikuwa anafanya nini."

Nikakaa chini. Ilikuwa mara ya kwanza kukaa chini pale ninapotakiwa.

Alijaribu pole. Alijaribu kusema mambo ya zamani. Kila alipomaliza, Mkufunzi aligonga fimbo sakafuni, mara moja, kama rula. Mwanaume mmoja akasema, "Mwalimu, swali ni dogo. Mtoto alikuwa anafanya nini?"

"Alikuwa anachota maji," akasema.

"Ya nani?" nikauliza.

Alitazama viatu vyake. "Yangu."

"Katibu ameandika?"

Katibu alikuwa ameandika. Nikamwomba asome, akasoma, kwa sauti, jina la mwanangu likiwa ndani. Niliipiga picha karatasi ile kwa simu nikamtumia Somoe, ambaye sasa anajifunza ushonaji Newala. Alinipigia, akakaa kwenye laini akipumua, akakata.

Mwenyekiti wa kamati akasema, kwa heshima, bibi atufungie kwa sala. Mkufunzi akasimama tena, nami nikamshika kiuno. Sisi Waislamu tukafungua mikono yetu. Wakristo wakaanza naye ile sala yao, na kwa kuwa ulimi wake ulikuwa mzito, wote walimfuata taratibu, neno kwa neno, wakimngoja. Wakafika pale. Nikausikia mwili wake ukijikaza mkononi mwangu. Akafunga mdomo. Na wote waliokuwa wanamngoja wakanyamaza naye, wakidhani ulimi umekwama.

Ikabaki sauti moja tu, ile laini ya mwalimu mkuu, imezoea kwenda peke yake, ikiomba isamehewe kama na yeye anavyowasamehe waliomkosea. Sijui sisi tulimkosea nini. Alipojisikia yuko mwenyewe alikuwa amechelewa kuacha, ikabidi amalize.

Mkufunzi alimngoja mpaka neno la mwisho. Halafu akaendelea na sala, kuanzia pale panapofuata.